SOMO: Namna ya kumwita shahidi kwa samansi kwenye kesi ya barabarani (Unguja na Pemba)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Somo hili nimelichelewesha sana na leo nimekaa niliandike lote, manake nimechoka kuona madereva wenzangu wanaingia mahakamani na mashahidi wa mdomoni. Shahidi wa mdomoni ni yule aliyekwambia pale pale njiani "mie nimeona kila kitu, siku ikifika nambie tu nakuja", na wewe ukarudi nyumbani umelala usingizi.

Mie lilinikuta. Naendesha gari ya abiria huku Pemba, Wete na Chake. Siku moja baada ya Magharibi nilikuwa naingia barabara kubwa, ikaja honda (pikipiki) haina taa ikanivaa ubavuni. Kijana alivunjika mkono, Alhamdulillahi amepona, lakini mie nilishitakiwa kuendesha bila ya uangalifu. Mvuvi mmoja alikuwa kakaa barazani anashona nyavu, hatua kumi tu, na yeye ndo aliyeona kwamba ile honda haikuwa na taa. Akaniahidi. Siku ya utetezi wangu napiga simu haipatikani, kumbe kaenda dago (kambi ya wavuvi), hana habari hata leo tarehe ngapi. Hakimu akaniuliza shahidi yuko wapi, nikasema kaenda kuvua. Akaniuliza umemwita kwa wito wa mahakama, yaani samansi? Nikanyamaza.

Basi twende pole pole.

Kwanza kabisa isome hati ya mashtaka, usiikunje ukaitia mfukoni. Angalia tarehe, saa, pahala, namba ya gari na kifungu ulichoshitakiwa nacho. Kesi nyingi za barabarani kwetu zinatoka kwenye Sheria ya Usafiri Barabarani Na. 7 ya 2003, na mwenendo wenyewe wa kesi unafuata Sheria ya Mwenendo wa Jinai Na. 7 ya 2018. Ukishajua unashitakiwa nini khasa ndo utajua unahitaji shahidi wa nini. Mie shitaka langu lilikuwa sikuangalia, kwa hivyo shahidi wa kusema "huyu dereva namjua mtu wa msikitini, hana matata" asingenisaidia kitu, nilihitaji mtu aliyeona taa.

Pili, chukua daftari uandike kila aliyekuwepo na mbele ya jina lake uandike ALIONA NINI KWA MACHO YAKE. Aliyehadithiwa na mwenzake muache. Andika jina kamili, shehia anayokaa, namba ya simu, kazi yake na anapatikana saa ngapi. Hilo la mwisho watu wanalidharau lakini ndo linaloua kesi: kama ni msimu wa karafuu mtu yuko shamba toka alfajiri, kama ni mvuvi ana dago, kama ni mwalimu yuko skuli. Fanya kazi hii mapema, wiki ile ile ya ajali ukiweza.

Tatu, jua wakati wako. Upande wa mashtaka wanaanza wao na mashahidi wao, trafiki aliyechora ramani ya tukio, mkaguzi wa magari, majeruhi. Hao huwaiti wewe, unawauliza maswali ya dodoso tu, yaani ya kupima waliyoyasema. Wakimaliza, hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Akisema unayo atakueleza haki zako, kwamba unaweza kujitetea kwa kiapo na unaweza kuita mashahidi. HAPO HAPO ndo usimame useme: "Mheshimiwa, nina mashahidi wawili, naomba mahakama iwaite kwa wito." Usijibu tu "ndio ninao" ukakaa. Mie siku ile nilijibu ndio nikakaa, na katika faili haikuandikwa kwamba nimeomba samansi kwa sababu kweli sikuomba.

Toa ile karatasi yako ya majina na shehia. Hakimu anaweza kukuuliza huyu shahidi atasema nini, mjibu kwa sentensi mbili, usianze kuhadithia kesi nzima. Kama kuna karatasi unaitaka, tuseme rikodi ya gereji au kitabu cha safari cha tajiri wa gari, omba samansi iandikwe wazi kwamba shahidi aje nayo, vyenginevyo atakuja mikono mitupu na hutomlaumu.

Nne, ufuatilie kwa karani. Samansi inatoka kopi mbili, ina saini na muhuri wa mahakama. Soma kabla hujaondoka: jina lake liko sawa? namba ya kesi? tarehe, saa, mahakama gani? Khamis Juma wako wangapi kwenye shehia moja jamani, tia na jina la babu.

Tano ni kumfikishia. Samansi inapelekwa na polisi au ofisa wa mahakama, wewe mshitakiwa usiichukue ukaenda kumpa mwenyewe kimya kimya, muulize karani inapelekwa na nani na wewe ujitolee kumuonesha njia. Mie nilikwenda na tarishi wa mahakama mpaka kwa sheha (kiongozi wa shehia), sheha ndo aliyejua ile mashua inarudi lini, tukaenda dikoni Fajri tukamngoja. Yule bwana katoka majini, kajifuta mikono kwenye kikoi, kopi moja kachukua yeye, nyengine akatia saini kwa nyuma na kuirudisha. Karani alipokuwa anaitia kwenye faili alibandua magamba mawili ya samaki kwa ukucha. Karatasi ile yenye magamba ndo ilionipa mie nguvu, kwa sababu ile saini ndo ushahidi kwamba mtu kaitwa. Akipokea halafu asije bila ya sababu ya maana, mahakama inaweza kutoa hati akamatwe aletwe. Bila ya ile kopi kurudi, hakimu hana pa kushika.

Siku yenyewe shahidi anakaa nje mpaka aitwe, asiingie kusikiliza wenzake. Na usimfundishe la kusema! Mkumbushe siku na pahala, basi. Ukimpa maneno, suali la pili tu la mwendesha mashtaka litamkwamisha, na juu ya hayo kashaapa Wallahi Billahi Tallahi, unamtia mwenzio kwenye dhambi kwa kesi yako.

Yangu hakimu aliniahirishia mara moja, mvuvi akaja akasema aliyoyaona, na niliachiwa.

MASUALI YA WANACHAMA

Suali (Mkoani): Kaka, shahidi wangu ni muuguzi wa hospitali ya serikali, anasema mkuu wake hamruhusu kutoka.
Jibu: Mtumishi wa serikali samansi yake kwa kawaida inapitia kwa mkuu wa ofisi yake. Mwambie hakimu mapema kwamba ni mtumishi na anafanya kazi wapi. Ikishafika kwa mkuu wake na muhuri juu, hiyo si ruhusa tena, ni amri ya mahakama.

Suali (Fuoni): Mke wangu alikuwemo garini. Anafaa au watasema ni wa kwangu?
Jibu: Anafaa ndugu yangu. Watamuuliza kuhusu udugu na hakimu atapima uzito wake, lakini usimuache. Ila ukipata na abiria mwengine asiyekujua, muite na huyo.

Suali (Konde): Shahidi kahamia Dar, samansi ya huku inamfika?
Jibu: Hili si jepesi. Mahakama zetu na za Bara ni mbali mbali, zinakutana Mahakama ya Rufani tu. Mwambie hakimu wazi wazi yuko wapi akuelekeze, na wewe ongea na shahidi, akikubali kuja kwa hiari yake mlipie boti, lakini nauli tu, usimpe cha ziada kitakachoonekana umemnunua. Na kama unaona mambo yamekuzidi nenda kwa wasaidizi wa sheria wa wilaya yako au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar.

Suali (Wete): Kijana alirikodi kwa simu, kanitumia wasap. Nipeleke ya kwangu?
Jibu: Muite yeye na simu yake, samansi iseme aje nayo. Yeye ndo aliyerikodi, wewe umetumiwa tu. Na mwambie leo hii asiifute wala asiikate.

Suali (Chake): Ami, shahidi wangu ni bibi anauza mihogo, hajawahi kuingia mahakamani na anaogopa mpaka analia.
Jibu: Mpeleke siku kabla aone jengo kwa nje na pahala pa kukaa kungojea. Mwambie hashitakiwi yeye. Asilolijua aseme silijui, si aibu. Na mwambie asiharakishe, manake hakimu anaandika kwa mkono, aseme sentensi moja atizame kalamu, ikisimama ndo aendelee.