Dogo akikamatwa kwa sababu ya posti, fanyeni hivi

Naandika hii kwa yeyote mwenye mdogo wake au mwanae anayeshinda na simu, na nazungumzia Tanzania zaidi maana huku ndo taratibu nazijua.

Kwanza uzito wa jambo lenyewe. Wengi wanadhani komenti ya matusi au video ya kumkejeli mkubwa itaishia kwenye kuonywa na makofi mawili ya afande. Haiishii hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, ukisambaza taarifa za uongo ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili, na kifungu cha 23 cha kumnyanyasa mtu mtandaoni adhabu ni hiyohiyo. Yani sheria imeweka sakafu haijaweka dari, hakimu hata akimwonea huruma dogo wa miaka 19 anayeuza vocha, faini haiwezi kushuka chini ya hapo. Mimi naona huu ni uonevu na nitausema kila nikipata nafasi, kijana kaandika ujinga saa sita usiku akiwa na hasira halafu unampa adhabu ya kufilisi ukoo mzima.

Na yametokea. Mwaka 2016 Arusha kijana alihukumiwa milioni 7 au miaka 3 kwa maneno ya Facebook juu ya Rais Magufuli. Julai 2024 kijana mchoraji wa Rungwe, miaka 24, alipigwa milioni 5 au miaka 2 kwa video ya TikTok ya kuchoma picha ya Rais Samia, watu wakachanga mtandaoni wakamlipia akatoka, halafu mwezi uliofuata ikaripotiwa ametekwa. Mwezi huohuo wa Julai kule Entebbe, Uganda, kijana mwingine wa miaka 24 alipewa miaka 6 kwa video za kumtusi Rais Museveni na familia yake. Huyo alikiri kosa na akaomba msamaha. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Sasa taratibu zenyewe.

Kabla hayajatokea, kaa na dogo umwambie asifowadi kitu asichojua kimetoka wapi, na asidhani gurupu la watu 30 ni siri, skrinishoti moja tu na imeshafika kwa mtu mwingine. Kama ameshaposti kitu kibaya na hakuna aliyemtafuta, afute leo hii. Ila akishaitwa polisi au akajua uchunguzi umeanza, asiguse kitu, maana kufuta ili kuharibu uchunguzi ni kosa jingine kwenye sheria hiyohiyo, kifungu cha 22, na lenyewe lina faini isiyopungua milioni 3. Hapa vijana wengi wanaumia kwa hofu, wanazima simu wanaitupa mtoni.

Akikamatwa, kitu cha kwanza ni saa. Chukua karatasi, andika amekamatwa saa ngapi, wapi, na nani, wamevaa nguo gani, gari lina namba gani, wamesema wanampeleka kituo gani. Kama ni watu wa nguo za kiraia waombeni vitambulisho mbele ya majirani, piga kelele ikibidi, muiteni mwenyekiti wa mtaa aje aone. Baada ya yaliyompata yule wa Rungwe hili sio la kuona aibu. Halafu ndugu wawili wafuate nyuma mpaka kituoni wahakikishe amefika kweli na jina lake limeandikwa kwenye kitabu.

Hiyo saa uliyoandika itakuja kuwa na kazi kubwa. Polisi wana masaa manne toka kumkamata ya kumhoji na kuchukua maelezo ya onyo (yale maelezo yake wanayoandika polisi baada ya kumuonya kwamba yanaweza kutumika mahakamani), wakitaka zaidi lazima waongeze muda kwa utaratibu, na mahakama zetu zimeshayakataa maelezo mengi yaliyochukuliwa nje ya huo muda. Wakili akiuliza alikamatwa saa ngapi msianze kubishana nyie kwa nyie mlangoni kwa mahakama.

Ndani ya chumba cha mahojiano dogo ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuomba wakili, ndugu au rafiki awepo. Aseme jina lake na anapokaa, mengine aseme "naomba nisubiri wakili wangu". Aseme kwa adabu, afande ni mtu mzima na ukimjibu jeuri unajiongezea matatizo. Asisaini karatasi ambayo hajaisoma. Kama hajui kusoma vizuri asomewe, na kama kuna kitu hakusema kikatwe kabla ya kuweka dole gumba.

Simu wataichukua. Dai hati ya ukamataji mali, iandikwe aina ya simu na IMEI (ile namba ya kuitambulisha simu), na shahidi asaini. Nywila asitoe hovyo kwa sababu tu ametishiwa, asubiri wakili. Ila wakija na amri ya maandishi, kukataa nako ni kosa, kwahiyo wakili aisome kwanza hiyo amri.

Kama hajafika miaka 18 semeni hapohapo kaunta na mlete cheti cha kuzaliwa mbio. Mtoto anatakiwa ahojiwe mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii akiwepo, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kesi inaenda mahakama ya watoto, na mtoto hafungwi jela. Nimeona wazazi wanakaa nje kwenye benchi mpaka jioni bila kumwambia mtu kwamba yule aliyeko ndani ni wa kidato cha pili.

Dhamana ya polisi ni bure, imebandikwa ukutani kwenye vituo vingi tu. Makosa haya yana dhamana. Nendeni na barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha taifa cha NIDA, na wadhamini wawili wenye kazi au biashara inayojulikana. Mkiambiwa kesho kila siku, kumbukeni wanatakiwa wamfikishe mahakamani ndani ya masaa 24, muulizeni mkuu wa kituo kwa upole kwanini bado. Wakili kama hamna hela nendeni kwa wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, ambao hizi kesi wanazifahamu.

Sasa nirudi kwa yule wa Entebbe, aliyekiri akaomba msamaha na bado akapewa miaka 6. Hata huku kwetu mtego ni huohuo. Siku ya kwanza mahakamani shtaka linasomwa, hakimu anauliza ni kweli au si kweli. Dogo ametoka selo hajalala, hajaoga, kuna mtu kamnong'oneza "kubali tu yaishe utasamehewa", anajibu "ni kweli nilituma". Basi, anaweza kuandikiwa kwamba amekiri kosa. Lakini kutuma sio kosa lenyewe. Kifungu cha 16 kinataka upande wa mashtaka uonyeshe kwamba taarifa ni ya uongo, kwamba alijua ni ya uongo, na kwamba alikuwa na nia ya kudhalilisha, kutisha, kutukana au kupotosha watu. Kukiri kwake kunawaondolea kazi yote hiyo. Kwahiyo mwambieni mapema, kabla hajapanda kizimbani, kama hana wakili jibu ni "si kweli". Sio kudanganya, ni kuwaambia walioshtaki wathibitishe. Akishateleza akakubali, bado kuna nafasi: mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa halafu dogo anaulizwa tena, hapo aseme wazi kipi hakubali, mfano "nilituma ila sikujua ni uongo", na hakimu anatakiwa abadilishe aandike amekana.

Ikitokea amehukumiwa, faini inalipwa kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali), mtu asikwambie mpe hela mkononi aipeleke. Mchango wa mtandaoni unaweza kuokoa, Rungwe uliokoa, ila pangeni mtu mmoja wa kupokea na muwe mnatangaza kiasi kilichofika. Hata akiwa ameshapelekwa gerezani, faini ikilipwa anatoka, nendeni na risiti na hati ya mahakama siku hiyohiyo msisubiri Jumatatu.

Na rufaa ipo. Kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10 toka hukumu, rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliyekiri kwa kawaida anaruhusiwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, na ndo maana nimekazana sana pale kwenye "ni kweli". Ombeni nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa barua, nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa muitunze, maana hizo karatasi huwa zinachelewa na huo muhuri ndo utaonyesha kwamba hamkulala nyie.