Hewa ya ukaa ya saruji: hesabu klinka, si mifuko

Anza na klinka (vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji) iliyochomwa kwenye tanuri, kwani ndiko mawe ya chokaa hutoa hewa ya ukaa. Klinka yenye oksidi ya kalsiamu 65%, zidisha kwa 0.785 (uwiano wa uzito wa hewa ya ukaa kwa oksidi hiyo), unapata tani 0.51 za hewa ya ukaa kwa kila tani ya klinka. Ongeza 2% ya vumbi la tanuri, inakuwa 0.52.

Una takwimu za saruji tu? Tani 100,000 zenye klinka 70% ni 70,000. Toa klinka iliyoagizwa nje, tuseme 20,000, maana moshi wake umeshahesabiwa ilikochomwa. Zinabaki 50,000 × 0.52 = tani 26,000. Ukizidisha saruji yote unapata 52,000, mara mbili ya ukweli!

Makaa ya mawe na gesi vinahesabiwa kando, upande wa nishati.