Kijiwe kikianza "nchi ijifungie", pima hoja hivi

Huku Mtwara bei ya korosho ikishuka tu utasikia "tuachane na hao wa nje, tujitegemee". Kabla hujachagua upande muulize anayesema, tujifungie kwenye nini? Biashara ni jambo lake, ulinzi jambo lake, na kuegemea upande wa mataifa makubwa ni jambo jingine kabisa, mkichanganya yote hamtoki hapo.

Kwenye biashara ishushe hoja mpaka kwenye gunia. Korosho ghafi yetu nyingi inaenda India na Vietnam, salfa ya kupulizia nayo inaagizwa, sasa anayetaka tufunge aseme mzigo ulioko ghalani atanunua nani na mikorosho tutapulizia nini. 2018 wanunuzi walileta bei ndogo, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba, ila soko la huko nje bado likawa linahitajika vilevile. Mimi naona kujitegemea kwa kweli ni kubangua hapahapa, hilo ndo la kukomalia.

Kwenye ulinzi kumbusha Kitaya, kijiji chetu cha mpakani huku Mtwara. Oktoba 2020 kijiji kilivamiwa na watu waliovuka mto Ruvuma wakitokea Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lenye vita, vita haikuwa yetu lakini nyumba zilizochomwa ni za kwetu. Julai 2021 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikapeleka kikosi Msumbiji na wanajeshi wetu wakiwemo, kikakaa mpaka 2024. Hata Marekani miaka ya 1930 walitunga sheria za kutoingilia vita vya wengine, na 1941 vita ikawafuata Pearl Harbor, kambi yao ya jeshi la majini iliyoshambuliwa na Japani.

Hapa wengi wanateleza: kumkatalia mkubwa mmoja sio kujitenga. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walijitangazia uhuru, ila ilikuwa inatekeleza azimio la OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, yaani imegombana na mmoja ikiwa imesimama na wenzake wa Afrika. Akikutolea mfano huo muulize tulikuwa na nani siku ile.

Na anayetetea ushirikiano naye mbane hivyohivyo, usimwachie apite na maneno matamu. Mkataba ni wa miaka mingapi, vijana wa Lindi na Mtwara wanapata ajira gani, na tukitaka kutoka tunatokaje? Kutoka kunawezekana, 2000 tulijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tukabaki SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki, biashara ikaendelea.