Kuziba upepo kwenye tundu la dari

Kwenye nyumba za nchi za baridi, kama Minnesota au Ontario, dari hulaliwa kwa juu na sufi ya glasi nene, halafu tundu la kupandia hufunikwa kwa kipande kitupu cha plaiwudi. Sufi inaweza kufika R-49 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite; namba ikiwa kubwa, huzuia zaidi). Plaiwudi ya inchi ¾ haifiki hata R-1. Lakini wembamba ni nusu tu ya tatizo. Hewa ya moto hupanda na kupenya pembeni mwa mfuniko, na kadiri inavyotoka juu ndivyo hewa ya nje inavyoingia chini ya milango. Ziba kwanza, ndipo uongeze unene. Anayebandika mbao za foamu juu ya mfuniko na kuacha nyufa ametupa hela.

Ili kuona nyufa zilipo, washa feni ya kutolea moshi jikoni, kisha pitisha kijiti cha udi kinachofuka kwenye kingo zote za mfuniko. Feni huvuta hewa ya juu ya dari iingie ndani, kwa hiyo penye mwanya moshi husukumwa chini. Weka alama kwa penseli.

Ukipanda, vaa barakoa ya N95 na glavu, ukanyage boriti tu, maana ubao wa jipsamu wa dari haubebi mtu. Ukikuta chembechembe nyepesi zinazong'aa, za kijivu au dhahabu, huenda ni vemikulaiti yenye asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu: shuka bila kuigusa, uite wapimaji wa asbesto.

Tundu la kawaida ni inchi 22 kwa 30. Mzunguko wake unahitaji karibu futi 9 za mpira wa kuzibia, nunua 10. Chukua ule wa EPDM (mpira wa sintetiki) wenye uwazi katikati, si sponji ya bei rahisi, kwani sponji hulala bapa ikabaki hivyo. Ubandike juu ya ukingo ambao mfuniko unakalia, pembe zikutane bila pengo. Mwanya kati ya fremu na jipsamu ujaze silikoni, na ukizidi milimita 6 tumia foamu ya kupuliza.

Mfuniko mwepesi haubonyezi mpira, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Funga kulabu mbili, pande zinazotazamana, zikivuta mfuniko chini. Ukiifunga kulabu bila kutumia nguvu kidogo, haijakaza.

Sasa foamu ya kubandika juu ya mfuniko. Shiti moja la polistirini la futi 4 kwa 8, unene wa inchi 2, hutoa vipande sita vya tundu hilo. Kila kimoja ni kama R-10, hivyo vitano hufika R-50. Cha chini kipunguze sentimita 1 kila upande, na kila cha juu kiwe kidogo kuliko cha chini yake. Bila kupunguza hivyo mfuniko utakwama unapouinamisha kuutoa. Gundi iwe ya foamu: yenye kiyeyusho huila polistirini. Foamu huwaka pia, kwa hiyo ulizia kanuni za ujenzi za mahali pako kama inaruhusiwa kuachwa wazi.

Zungushia tundu ukuta wa plaiwudi unaopita sufi kwa inchi 2, la sivyo itakumwagikia usoni kila ukifungua.

Kama tundu lako lina ngazi ya kukunja badala ya mfuniko, ngazi hiyo haiwezi kubeba foamu mgongoni. Itengenezee sanduku la foamu linaloifunika yote kwa juu, likikalia mpira uleule.