Kuandaa laptopu ya kutyuni Subaru ya tabo: waya, draiva na programu

Forester na Impreza za tabo ni nyingi Tanga, na nyingi zilipangwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Zikinyweshwa petroli isiyofika hapo, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inasikia injini ikigonga, inarudisha nyuma taiming, yaani wakati wa kupiga cheche, na gari linakuwa zito. Dawa yake ni programu, si spana. Lakini kazi nyingi hukwama kabla hazijaanza: laptopu haioni waya, au inaona waya lakini haioni gari. Hapo ndipo watu huanza kufungua kontroli boksi ambayo haina kosa lolote. Anza na waya.

Waya

OpenPort 2.0 ya Tactrix, kifaa cha kuunganisha laptopu na gari, ndiyo ya kazi hii. Inasoma na kuandika programu ya kontroli boksi, na inaongea K-line na CAN, njia mbili za mawasiliano ya gari. Waya wa KKL (wa USB kwenda K-line) wenye chipu ya FT232RL ni wa bei nafuu na unatosha kutazama data injini ikiwa inaunguruma, ila kwa kuandika usiutegemee. Vile vidude vya Bluetooth vya ELM327 ni vya kusoma kodi za hitilafu. Kontroli boksi hizi haviziandiki. OpenPort za bei ya kutupa ni kloni, yaani za kuiga. Zinafanya kazi, lakini ukiulizwa kusasisha programu ya ndani ya kifaa chenyewe, kataa, maana zipo zinazofia hapo.

Draiva

Pakua kila kitu ukiwa nyumbani, usisubiri bando likuishie gereji. Anza na EcuFlash, programu ya kusoma na kuandika kontroli boksi, kwa sababu ndani yake mna draiva ya OpenPort, yaani kiprogramu kinachoiwezesha Windows kukitambua kifaa. Iendeshe kama msimamizi wa kompyuta, na usichomeke kifaa mpaka imalize. Ukichomeka mapema Windows inajitafutia draiva yake, na utaona alama ya njano kwenye Device Manager. Ikitokea hivyo, futa kifaa hapo hapo pamoja na draiva yake, chomoa, sakinisha upya, ndipo uchomeke. Tumia tundu la USB la laptopu yenyewe, si la kigawanyio.

Kama kifaa hakionekani kabisa, na laptopu haikutoa hata ule mlio wa kupokea USB, draiva haihusiki. Angalia waya wa USB. OpenPort inatumia mini-USB, na nyingi za aina hiyo zilizobaki madukani ni za kuchaji tu: ndani mna nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na zile za kijani na nyeupe zinazobeba data hazimo. Kwa nje zinafanana kabisa. Jaribu na kamera ya zamani: kama picha hazihami kwenda kwenye kompyuta, waya huo uweke kando.

Kwa waya wa KKL mambo ni tofauti kidogo. Fungua Device Manager, nenda kwenye Ports, fungua sifa za kifaa, kisha Port Settings na Advanced. Ipe COM namba iliyo chini ya 10, kwa kuwa programu za zamani hazioni zaidi ya hapo. Shusha Latency Timer kutoka 16 hadi 1 au 2, la sivyo data itakuja kwa kurukaruka na mawasiliano yatakatika. Angalia pia namba za utambulisho wa chipu. VID (namba ya mtengenezaji) 0403 na PID (namba ya bidhaa) 6001 ni FTDI, watengenezaji wa FT232RL. 1A86 ni CH340, ambayo inataka draiva yake. Ukikuta 0403 lakini PID ni 0000, chipu ni bandia: mwaka 2014 FTDI walitoa draiva kupitia Windows Update iliyobadilisha namba hiyo kwenye chipu za kuiga, na nyaya zikaacha kuonekana.

RomRaider na Java

RomRaider ndiyo programu ya kufungulia ramani (majedwali ya mafuta na taiming yaliyo ndani ya kontroli boksi) na kurekodi data. Sakinisha Java ya biti 32 hata kama Windows yako ni ya biti 64. Maktaba ya OpenPort, op20pt32.dll, ni ya biti 32, na Java ya biti 64 haiwezi kuipakia. Dalili yake ni kwamba EcuFlash inaona kifaa vizuri huku RomRaider ikidai hakipo. Kisha pakua mafaili mawili ya maelezo, kwa kuwa hayaji na programu: moja la ramani za kontroli boksi, lingine la kurekodi. La kurekodi chukua la METRIC, usije ukahangaika na Farenhaiti na psi.

Kwenye gari

Gari lililokaa Raskazone au Sahare linapigwa na upepo wa chumvi miaka yote. Mulika tochi kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari kwa kompyuta. Ukiona ukijani kwenye pini, puliza dawa ya kusafishia kontakti na usubiri ikauke. Pima kwa mita: pini 16 na pini 4 zikupe volti ya betri, na 16 na 5 vivyo hivyo. K-line iko pini 7, CAN iko 6 na 14. Pini 16 ikiwa haina moto, tazama fyuzi kabla ya kitu kingine.

Betri iwe na volti 12.5 au zaidi, na ufunge chaja. Umeme ukikatika katikati, betri nzima itavuka salama lakini iliyochoka haitavuka, kwa hiyo usiitegemee chaja peke yake. Zima redio, taa na feni ya ndani. Laptopu iwe imejaa chaji, usingizi na masasisho vimezimwa, na gari liwe kivulini. Jua la kaskazi likipiga kwenye kioo, laptopu inaweza kujizima kwa joto.

Kwa Subaru nyingi za kabla ya 2008, tafuta plagi mbili za kijani chini ya dashibodi, uziunganishe. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, utasikia pampu ya mafuta ikikata na kurudi, feni za rejeta nazo vivyo hivyo, na taa ya injini itapepesa. Hiyo ndiyo ishara kwamba kontroli boksi iko tayari. WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye kontroli boksi ya biti 16 zinahitaji pia plagi ya ziada inayotoka OpenPort. Na kama mtengenezaji wa kontroli boksi ni Hitachi badala ya Denso, hakikisha kwanza kwamba EcuFlash inaitambua, kwa sababu si zote zimo.

Soma faili la asili mara mbili, uhifadhi kwa majina tofauti, ulinganishe. Kwa nyingi za biti 32 ukubwa ni baiti 524,288 au 1,048,576 kamili. Likipungua hata kidogo, au mafaili mawili yakitofautiana, usiandike kitu. Rudi kwenye waya na betri. Nakala moja iwe kwenye flashi, ikiwa na namba ya gari na namba ya kontroli boksi.

Rekodi data kabla ya kubadilisha chochote. Mwenzako ashike laptopu, wewe uendeshe, kwenye kipande kitupu cha barabara ya Horohoro. Tazama IAM, kipimo cha jinsi kontroli boksi inavyoiamini taiming yake: 1.0 kwa biti 32, au 16 kwa biti 16, ndiyo kamili. Ikiwa chini, injini imekuwa ikigonga. Kagua petroli, plagi za cheche na uvujaji wa hewa kwanza. Sensa ya oksijeni ya kiwandani haiaminiki mchanganyiko ukiwa mzito (petroli nyingi kuliko hewa), kwa hiyo funga ya wideband, inayopima mchanganyiko kwa upana zaidi, kabla hujagusa ramani ya mafuta.

Ukifika kuandika, anza na Test Write, ambayo inapitia hatua zote bila kubadilisha kitu. Uandishi wenyewe ukikatika njiani, usizime swichi wala kuchomoa waya. Acha hivyo hivyo, uandike tena faili la asili papo hapo. Ukizima, kontroli boksi inaweza isiamke tena kupitia soketi ya OBD.