Unaandika andiko la mradi? Usidai asilimia

Ndugu zangu mnaoviandikia vikundi vya Lindi, Masasi na Newala, acheni kudai "asilimia kumi ruzuku ikitoka." Fedha za mfadhili kwa kawaida ni za kazi za mradi baada ya mkataba. Mkaguzi akikuta humo ada ya kuandika, kikundi ndicho kitakachorudisha hela, wewe umeshakula. Kanuni za maadili za Grant Professionals Association, chama cha Marekani cha wataalamu wa kuomba ruzuku, nazo zinakataza kamisheni ya aina hiyo. Taja bei ya kazi nzima, au ya siku, iandikwe: nusu mkianza, nusu ukikabidhi, andiko lishinde lisishinde. Kikundi kimekauka? Punguza kazi, pitia bajeti yao tu, au nusu ya pili isubiri minada ya korosho, itoke mfukoni mwao wenyewe.