Bamia kwenye mtungi, hapa Kayole

Majirani huniambia bamia ni ya Pwani, Nairobi itakufa na baridi. Hawajakosea sana. Mwaka juzi nilipanda Juni. Miche ikanuna, majani yakawa manjano, nikaing'oa. Siku hizi napanda Januari, jua likiwa limekolea.

Loweka mbegu usiku kucha, ganda lake ni gumu. Kata mtungi wa mafuta wa lita 20, utoboe chini, ujaze udongo na samadi ya mbuzi iliyooza. Weka mbegu tatu, sentimita 2 kwenda chini, kisha ubakize mche mmoja. Usiuhamishe, mzizi wake mkuu hauvumilii kusumbuliwa.

Ua hufunguka asubuhi, manjano hafifu na jicho la zambarau iliyokolea. Jioni limeshanyauka. (Mimi hunywa chai yangu pale pale darini, mitungi ilipo, nisilikose.) Siku tano hivi baadaye bamia iko saizi ya kidole: vunja ncha, ikikatika "tak!" ichume. Ikipinda tu, umechelewa, utatafuna kamba. Chuma kila baada ya siku mbili, la sivyo mmea huacha kutoa maua. Na uvae mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha vibaya.